Ndizi Moja Senti Kumi

Enzi zetu, sisi tuliokulia Mbeya, bei za mji mwingine zilikuja kwa barua. Vijana wa leo wanauliza bei kwa simu, wanatumiwa na picha, na bado wananung'unika. Sisi tulisubiri wiki mbili, halafu tukaelewa vibaya.

Nilikuwa darasa la tano baba alipohamishiwa Iringa kikazi. Akaandika tumfuate. Mama, Mnyakyusa wa Tukuyu, hakutaka hata kusikia. Barua za nyumbani nilizisoma na kuziandika mimi, basi siku moja akaniita kutoka kwenye mchezo wa rede, nimejaa vumbi hadi kwenye kope.

"Tusa, andika. Muulize ndizi huko bei gani."

Mji aliupima kwa ndizi tu. Mbalaga ya jioni, zile ndizi zilizopikwa na nyama zikatiwa maziwa, ndiyo yalikuwa maisha yenyewe. Harufu yake naisikia hadi leo.

Baba alijibu kwa mstari mmoja: "Ndizi moja senti kumi."

Mama aliniambia niisome mara tatu. Kwetu hakuna aliyenunua ndizi kwa kuhesabu. Ulinunua mkungu, ukajitwika kichwani, ukaenda zako. Mkungu mzima senti kumi! Nilihisi kuna kitu hakijakaa sawa, lakini nilikuwa mtoto, na mama alikuwa ameshaanza kucheka. Wiki haikuisha, akamwachia shoga yake meza ya dagaa sokoni, meza iliyotulisha miaka yote, tukapanda basi na masufuria yetu.

Sokoni Iringa alichagua mkungu mnene, akatoa senti kumi. Muuzaji, mama wa Kihehe mpole kabisa, akamsalimu, "Kamwene, mama," akachomoa ndizi moja, akampa.

"Na zingine?"

"Zipi tena, mama? Si umelipia moja?"

Mama akaitazama ile ndizi, kisha akanigeukia. "Tusa, ulisoma nini wewe?"

 Niliona aibu kana kwamba barua ile nilikuwa nimeiandika mimi.

Jioni baba aliapa kwamba alijibu alichoulizwa. Lakini alikuwa ameishi Mbeya miaka kumi, na alijua mama ananunuaje ndizi. Alikuwa amekonda, shati linamning'inia. Kila alipotuona tumekaa wote chumbani alicheka, akageukia ukutani. Nilichanganyikiwa: alikosea, au alitudanganya? Meza ya mama haikurudi, na kwa muda mrefu nilimwekea baba kinyongo.

Siku hizi wajukuu zangu hawakosei. Wanajua kila kitu kinauzwaje Mbeya na kinauzwaje Iringa, wanapiga hesabu, kisha kila mtu anabaki alipo.

Jioni tuliyomzika baba, nilimkuta mama jikoni anamenya ndizi peke yake.

"Angeandika bei ya mkungu," akasema, "ningebaki Mbeya."

Sikujua kama analaumu au anashukuru. Mpaka leo sijui. Nilichukua kisu, nikakaa, nikamsaidia kumenya.