Nilipitisha Makala ya Betri kwa Sababu ya Jina la Muzee

Naomba mnifichie jina, na chama chetu pia msikitaje, maana Goma ni ndogo na mafundi tunajuana wote. Mimi ni binti wa miaka ishirini na saba, naishi mtaa wa Mabanga na mama yangu. Baba alifariki tulipokuwa bado Masisi. Kazi yangu ni kutengeneza simu na kufunga umeme wa jua, na nimechumbiwa. Mnisamehe makosa ya uandishi.

Chama chetu cha mafundi kina ukurasa mmoja kwenye intaneti ambapo makala za blogu zetu zote zinakusanywa, watu wanasoma kisha wanaenda kufanya kazi kwa kuzifuata. Mimi ndiye mkaguzi. Watu walipoanza kuandikiwa makala na akili bandia, tuliweka sheria: kila makala ije na picha ya kazi uliyoifanya mwenyewe, kisha nikupigie simu unieleze kazi hiyo kwa mdomo, kwa Kiswahili, bila kusoma popote. Anayebabaika, makala yake haipiti. Nimeshakataa za watu wengi bila kuwaonea haya. Mmoja alilia kwenye simu, nikamwambia machozi hayafungi waya. Ndiyo, mdomo wangu ni mkali, na sasa umenigeukia.

Muzee wetu, mwanzilishi wa chama, ndiye aliyenifundisha kazi wakati mafundi wengine walikuwa wananicheka. Ndiye pia atakayekaa mahali pa baba yangu siku wakwe watakapoleta mahari. Alipotuma makala kuhusu betri za maji za sola, sikuomba picha wala sikumpigia. Nani anampa baba yake mtihani? Niliipitisha hata sijaimaliza.

Juzi ndipo nikaisoma yote. Inasema betri hizo ziwekwe kwenye chumba kilichofungwa kabisa ili vumbi lisiingie, na kwamba hata kando ya kitanda hakuna tatizo. Betri ya maji ikichajiwa inatoa gesi, na cheche moja inatosha kuilipua. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo, tena kwa ukali!

Nikampigia. "Papa, kwa nini chumba kifungwe?"

Akashangaa: "Mimi njo niliandika vile?"

Jamani, hapo ndipo niliogopa kweli. Hakuwa ameisoma hata mara moja. Akasema, "Sikukuwa na temps, muda wa kuandika, mutoto wangu. Nilipatia mashine kichwa ya makala tu, ikaandika yote. Uachilie. Batu batasema muzee ameisha."

Niliiondoa kimyakimya. Haikupita saa moja akairudisha, maana yeye ana uwezo wote kwenye ule ukurasa. Kisha akaniandikia: "Ukinipatisha haya, siku ya mahari utafute papa mwengine."

Lakini hilo si baya zaidi. Chini ya makala, mama mmoja wa Kibumba, nje ya mji, alimshukuru muzee na kuweka picha: betri mbili kando ya kitanda cha watoto wake, dirisha limezibwa kwa kitambaa. Nikamwandikia faraghani kwamba azitoe zile betri nje na afungue dirisha. Jibu limeingia asubuhi hii: "Aksanti, mutoto. Lakini ni muzee mwenyewe aliandika. Weye unajua kupita yeye?"

Hataniamini mpaka nimwambie kwamba si muzee aliyeandika, na kwamba mimi mkaguzi niliivunja sheria yangu mwenyewe. Akijua yeye, mji mzima umejua. Nitampoteza muzee, wakwe watakuta kiti cha baba kitupu, na wale niliowakataa watanicheka mpaka nihame. Nikinyamaza, kila simu ikilia nadhani wananipigia kutoka Kibumba. Mama ananiuliza mbona sili, namdanganya ni tumbo.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Matusi msinitumie, nimeshajitukana ya kutosha. Ila nawaomba mnijibu leo, kabla watoto wale hawajaingia kulala.