Nusu ya Kidonge

Serikali ilipowafungulia soko wafanyabiashara binafsi, maduka ya dawa ya Bariadi yalijaa paketi za kung'aa: za kikohozi, za nguvu, hata za kung'arisha ngozi. Ya kifafa hakuna aliyejisumbua kuileta. Na mdogo wangu alikuwa na kifafa. Alishaungua mkono kwa kuangukia mafiga, na tangu hapo mama, kule nyumbani Mwamapalala, hakumruhusu kusogelea moto.

Bahati yetu, hospitali niliyofanyia kazi ilitengeneza vidonge vyake yenyewe. Tulipika wanga wa muhogo kama uji, tukakandia unga wa dawa, tukachekecha chenga na kuzikausha, kisha mashine ikazigandamiza kuwa vidonge. Mdogo wangu alipaswa kumeza nusu asubuhi na nusu jioni, lakini kila mama alipokivunja kidonge, kilimsagikia kiganjani. Asubuhi dawa ilizidi, jioni likabaki vumbi. Mtoto akaanguka tena.

Nilimfuata mama mfamasia, mkuu wangu, nikamwambia kwa ukali kwamba mashine yake ni mbovu. Hakununa, Mungu ambariki. Alishindilia unga wa dawa kwenye kisahani, akadondosha tone la maji, akaniambia niiname nitazame. Tone lilikaa juu, duara, kama maji kwenye ngozi iliyopakwa samli.

"Unga huu unakataa maji," alisema. "Uji wetu unaupitia juu juu tu, haushiki."

Akadondosha tone la spiriti pembeni. Hilo lilizama pale pale. Basi tukaanza kuulowanisha unga kwa spiriti kidogo, ndipo tukatia uji, na chenga zikatoka ngumu, zimeshikana. Mpaka leo namshukuru kwa kuniinamisha badala ya kunifukuza.

Nilipopeleka vidonge vipya nyumbani, mama alivunja kimoja kikatoka vipande viwili sawasawa. Kimoja akampa mtoto, kingine akakifunga kwenye pindo la kanga. Jioni alipokifungua kilikuwa kizima.

Miezi ikapita bila kuanguka. Siku moja nikiwa likizo, mama alimwambia mdogo wangu, bila kumtazama, "Mayu, mama, nenda kasonge ugali."

Nilisimama mlangoni mwa jiko mpaka akaipua. Ugali wenyewe ulikuwa na madonge, unga mkavu ndani. Mama alimega, akatafuna madonge yale taratibu, kisha akaomba aongezewe.