Rangi Chini ya Kikombe: Kutoka Majengo hadi Kiriaini

Mimi si mtu wa safari. Watu wa mtaa wetu wa Majengo wakinitafuta huja moja kwa moja mlangoni, kwa sababu wanajua niko. Hata uongozi niliupata hivyo. Kikundi chetu cha matanga kilipotaka mwenyekiti, wengine walisifiwa kwa elimu, wengine kwa pesa, mimi nikasifiwa kwa kupatikana. "Hamisi haendi popote," mtu mmoja akasema, na mkutano ukafungwa kwa dua. Nikakabidhiwa vikombe, sahani na sufuria za matanga, nivilinde vyote.

Kutoka kwa vikombe nikapanda cheo. Kwanza chama cha kuwapikia wazee wasiojiweza siku ya Ijumaa, halafu umoja wa vyama vya hisani mjini Nyeri, halafu, kabla sijajua nimekosea wapi, kamati ya kurekebisha mpango wa pesa za wazee. Nina kidato cha nne, na alama zake tusizitaje. Huko kamatini mkuu wetu ni Madam Mugure, ambaye ameongoza mashirika ya misaada tangu ujana wake: makao ya yatima, miradi ya maji, mpaka zile meza ndefu za Nairobi zinakoandikwa sera. Yeye ameongoza mashirika. Mimi nimeongoza vikombe. Tulipokaa meza moja tulifanana kama kanzu na gambuti za matope.

Sababu ya kuondoka nyumbani ilikuwa kipimo. Pesa hazimtoshi kila mzee, kwa hiyo kamati ilitunga maswali ya kumtambua mhitaji kwa vitu vilivyomo nyumbani mwake: viti, zulia, thamosi, vyombo. Madam anabonyeza majibu kwenye kompyuta ndogo ya mkononi, nayo inatoa rangi. Ukipata kijani, unaendelea kupewa. Ukipata nyekundu, mwezi ujao hupati kitu. Kabla kipimo hakijapitishwa alitaka kukijaribu katika nyumba halisi, moja Sagana na nyingine Kiriaini, na majibu ya siku hiyo yangehesabika kama ya kweli. Alihitaji mjumbe mmoja wa kuandamana naye. Wengine wote walikuwa na safari zao. Niliyepatikana, mnamjua.

Majengo, alfajiri, niliporudi kutoka msikitini nilisimama mlangoni kwangu nikataka kuomba radhi na kwenda zangu, nikidhani nimeingia nyumba ya mtu. Sakafuni kulikuwa na zulia jekundu. Palikuwa na viti viwili vya mito na thamosi kubwa yenye maua. Mezani vikombe vyenye mstari wa dhahabu vilikaa kimya kama wageni waliotangulia.

"Mama Swaleh," nikamwita mke wangu, "hivi vyote ni vya nini?"

"Vya Madam. Si umesema atakupitia hapa?"

"Na vyetu viko wapi?"

"Chini ya kitanda. Na wewe ukae sawa, usije ukafanana navyo."

Zulia nililitambua baadaye kidogo. Lilikuwa la jirani yetu, Bi Mwanajuma. Vikombe pia vilikuwa vyake, maana nilipoinua kimoja niliona chini yake doa la rangi ya kucha, ya kijani. Kwetu kila mwenye vyombo huweka alama yake chini, ili siku ya harusi au matanga, vikishachanganyika katika karai la kuoshea, kila kimoja kirudi kwao.

Madam akaja. Alikunywa chai, akaongeza, akatazama huku na huku. "Mwenyekiti, umejipanga," akaniambia. Nikacheka upande mmoja wa mdomo. Upande mwingine ulikuwa unafikiria barabara.

Nje, dereva Kariuki alitazama mizigo yangu: sweta mbili, mkeka wa kuswalia, chupa ya maji, tangawizi ya kutafuna nisije nikatapika, na ndara.

"Mzee, tunarudi leo ama unahama?"

"Mambo ya njiani huyajui," nikamjibu.

"Mimi ni dereva, mzee."

Karatina tulipita bila kusimama. Magunia ya kabichi yalikuwa yamepangwa kando ya barabara, na akina mama wakibishana bei kwa sauti ambazo ziliingia garini ingawa vioo vilikuwa vimefungwa. Kwa maoni yangu tulikuwa tumeshafika mbali vya kutosha. Sikuulizwa.

Sagana kulikuwa na joto la kunivua sweta zote mbili. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja anayekaa karibu na njia panda, mwenye shati lililochanika begani na uso wa huzuni. Alitupokea mlangoni, akasema hana la kutukaribishia. Ndani mlikuwa na kigoda kimoja na sufuria. Madam alibonyeza, sura yake ikilainika, na ile kompyuta ikatoa kijani.

Mimi nilikuwa natazama chini. Mtu asiyetoka nyumbani anazijua sakafu. Hii ilikuwa ya saruji nyekundu, imefifia kila mahali isipokuwa sehemu moja ndefu kando ya ukuta, ambapo ilikuwa inang'aa kama mpya. Hapo kochi lilikuwa limekaa miaka, na halikuwa limeondoka zamani.

Tukirudi garini Kariuki alinisogelea. "Ule mzigo umefunikwa turubai kwa baraza ya jirani, umeuona?"

"Nimeuona."

"Sasa?"

Sasa nini? Labda kochi lile halikuwa lake. Labda aliliuza kwa shida. Nani mimi, mtu niliyekuja na ndara, nimfundishe Madam Mugure kazi aliyoifanya maisha yake yote? Nikatafuna tangawizi. Safari hii barabara haikuwa na hatia.

Kutoka Sagana tulielekea Murang'a, kisha tukaanza kupanda. Mashamba ya kahawa yakabadilika kuwa ya chai, kona zikawa nyingi, na baridi ikanirudishia sweta zangu moja baada ya nyingine. Madam alikuwa ameketi mbele, akaanza kuzungumza bila kugeuka.

"Unajua kwa nini nang'ang'ania hiki kipimo, Mwenyekiti? Shirika langu la kwanza tuligawa chakula kwa kila aliyekuja. Wenye nguvu walifika mapema. Waliokuwa na njaa kweli walifika tumebakisha magunia matupu. Nikasema sitaki kuona hiyo kitu tena."

Alisema kweli, na ukweli wake ndio ulionizidishia wasiwasi.

Kiriaini tulifika mchana. Tuliacha gari karibu na soko, tukashuka kwa miguu kijia chenye utelezi kati ya michai, Kariuki akinishika mkono kama bibi harusi. Nyumba ya pili ilikuwa ya bibi mmoja mzee, Cucu Nyawira, mjane wa miaka mingi, mwenye mgongo uliopinda kwa kubeba chai ya watu wengine. Ndugu zangu, tulipoingia nilidhani tumekosea mlango. Ukuta ulikuwa wa mbao zilizoachana na sakafu ya udongo, lakini palikuwa na viti vinne vimevikwa vitambaa vyeupe vya kufuma, vyenye tausi wa buluu. Thamosi mbili. Mukimo wa viazi na mahindi umefunikwa sahani. Kuku.

"Muingie, muingie," Cucu akasema. "Msikae kama watu ya barabara."

"Cucu, umefanya kazi kubwa," Madam akasema.

"Hii ni kazi gani? Ati mgeni akuje na akunywe maji? Kula, mama. Wewe umekonda kama mtu wa ofisi."

Madam akacheka. Alikuwa amefurahi kwelikweli kumwona mzee anayeishi vizuri. Alibonyeza huku anatafuna: viti, ndiyo, thamosi, ndiyo, vyombo, ndiyo. Ile kompyuta ikawaka nyekundu. Nilikuwa nyuma ya bega lake, nikaiona.

Nikainua kikombe changu juu kuliko inavyotakiwa na adabu, nikakitazama tako. Doa jekundu. Nikatazama cha Kariuki alipokuwa anamalizia: zambarau. Cha Madam, alipokiinua kunywa, kilikuwa na msalaba mweupe. Nyumba tatu tofauti zilikuwa zimemkopesha Cucu vyombo asubuhi ile, na mimi mlinzi wa vikombe nilizisoma zote.

Nilitoka nje nikijifanya natafuta mahali pa kuswali. Cucu alinifuata na maji ya udhu kwenye kikombe cha plastiki kilichopasuka mdomo. Hicho hakikuwa na alama. Hakuna mtu angekidai.

"Cucu," nikamwambia polepole, "vile vyombo ni vya majirani."

Akanitazama bila kupepesa. "Umejuaje?"

"Mimi ni mwenyekiti wa matanga."

"Haya. Sasa?"

"Madam akidhani ni vyako, utaondolewa. Hutapata pesa ya mwezi ujao. Wacha nimwambie."

Alinishika mkono wa sweta, na vidole vyake vilikuwa vigumu kama vya seremala. "Usiniaibishe kwa nyumba yangu. Ukisema, nitasema ni zangu zote. Hata hiyo kuku nitasema niko na zingine."

"Utakula nini?"

"Nimekula nini kabla nyinyi mje?" Kisha akashusha sauti. "Hiyo pesa ndiyo ya unga na dawa ya presha. Si ati siitaki. Lakini mgeni ni mgeni. Niahidi."

Nikamwahidi. Niliswali nikiwa na mambo mengi ya kuomba, na barabara ya kurudi haikuwemo.

Kutoka Kiriaini tulishika njia ya Othaya. Vilima vilikuwa vizuri, nasikia; mimi niliviona kama kitambaa cha kijani tu. Madam alikuwa anapitia majibu ya siku. "Sagana kijani, Kiriaini nyekundu. Kipimo kinafanya kazi. Nikishayatuma jioni, imekwisha." Kariuki alinitazama kwenye kioo. Nikamkwepa. Akanitazama tena. Nilijiambia nitasema tukifika Othaya. Othaya ikafika, ikapita, na mimi bado natafuna tangawizi.

Tulipoacha mji nyuma nilifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba kama ya mtu anayeuliza choo kiko wapi.

"Madam, kwa kile kipimo, nyumba yangu ingekuwa rangi gani?"

"Yako? Nyekundu mara moja. Na lile zulia."

"Zulia ni la Bi Mwanajuma. Na vikombe. Viti sijui hata vimetoka wapi, sijathubutu kuuliza."

Kariuki alikohoa kikohozi kisichokuwa cha homa.

"Unaniambia nini, Mwenyekiti?"

"Nakuambia habari za nyumba yangu tu. Ulitoa taarifa kuwa unakuja, mke wangu akapamba. Asingepamba, angeonekana amekudharau. Kikombe cha kuazima kina rangi chini. Cha asubuhi ulichonywea kina kijani."

Alizima kompyuta yake. "Na vya Kiriaini?"

"Nimeahidi mtu."

Akageuka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umechoka. "Nikirudi kwake bila kumwambia?"

"Utamkuta na plastiki, na hatakusamehe. Ukimwambia, ataazima tena."

"Basi nitaanzia kwako," akasema. "Kariuki, tutashuka sote. Na wewe, Mwenyekiti, usipige simu nyumbani."

Ndugu msomaji, safari yote nilikuwa naogopa kona, utelezi na kutapika. Sikuwa nimeujua woga. Woga ni kumpeleka mgeni kwa Mama Swaleh bila taarifa.

Majengo tuliingia kabla ya Magharibi. Mlango ulikuwa wazi. Bi Mwanajuma alikuwa anatoka na zulia begani, akatuona, akarudi nyuma hatua moja, akaamua kuendelea. Ndani, mke wangu alikuwa ameketi juu ya mtungi wa plastiki, amejifunga leso, anachambua sukuma wiki. Alimwangalia Madam. Kisha akaniangalia mimi, na nikajua chakula changu cha jioni kimeshahukumiwa.

"Usisimame, Mama Swaleh," Madam akasema, akaketi kwenye ukingo wa kitanda kama dada aliyekuja kusalimu. "Nimerudi kumaliza chai."

"Chai ipo. Vikombe ndivyo..."

"Vyovyote."

Ikaletwa chai katika kikombe chetu cha bati, kile kilichobanduka rangi mdomoni, kilichokuwa chini ya kitanda tangu alfajiri. Madam alikunywa mpaka mwisho. Halafu akakigeuza, akakitazama chini kwa muda mrefu. Hapakuwa na alama yoyote.

Akatoa kompyuta yake. Jibu la Kiriaini alilifuta, akaandika kwamba ziara haijakamilika, ili Cucu aendelee kupewa mpaka kipimo kiandikwe upya. La Sagana akalifuta pia, maana anayeweza kuazima viti anaweza pia kuvificha. Kisha akaniuliza, "Ungemuuliza nini mtu, Mwenyekiti, badala ya viti?"

"Ningeuliza majirani zake nani huomba kuazima na nani huombwa," nikasema. "Nao wangeulizwa na mtu anayekaa hapo hapo, asiyehitaji kupikiwa."

"Mtu asiyeenda popote," Mama Swaleh akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye mboga.

Basi ndivyo nilivyopewa kazi nyingine. Nimejifunza kwamba ukitaka kujua mtu ana nini, usimpe nafasi ya kukukaribisha, na kwamba huwezi kumnyima nafasi hiyo bila kumuumiza. Nimejifunza pia kwamba tangawizi haisaidii kitu. Kikombe cha bati nilikiosha mwenyewe usiku ule, kama adhabu. Kabla sijakirudisha chini ya kitanda, Mama Swaleh alikichukua, akakiweka mezani.

"Kiache hapo," akasema. "Huyo Madam wako atarudi bila kubisha hodi."