Govi lilivyonikaba, mimi nikasingizia mgongo

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenitokea mwenyewe na sijaongeza neno. Kuchekwa nimeshazoea, mke wangu ndiye aliyeanza.

Mimi ni mkulima wa Masakta, mahindi na alizeti. Umri wa kuitwa baba na watu nisiowajua. Sikuwahi kutahiriwa.

Mwaka jana govi likaanza kuwasha. Likachanika-chanika, likabana, kulivuta nyuma ikawa kazi.

Mimi daktari wa kujipachika nikanunua cream ya fangasi duka la dawa. Ikatulia, ikarudi. Nikanunua tena. Nikaongeza na maji ya chumvi.

Wakuu, maji ya chumvi kwenye ngozi iliyochanika msijaribu. Nilicheza ngoma ambayo haipo kwa kabila lolote hapa Hanang.

Mama Neema, mke wangu, akasema, "Baba Neema, nenda hospitali." Nikamjibu ni jasho la shamba tu.

Asubuhi moja naoga, nikalivuta kwa nguvu nisafishe. Likagoma kurudi.

Nikajipa moyo litarudi lenyewe. Haikupita muda kichwa cha uume kikavimba, kikageuka zambarau. Mama Neema alipoona hakubishana na mimi. Alinitolea shati safi, akanisukuma barabarani.

Kwenye basi la Haydom nikakaa na mzee mmoja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona umekaa upande?"

"Mgongo, mzee."

Mzee wa watu akaanza kunikanda mgongo, na dereva hakukwepa shimo hata moja.

Hospitalini nikaingia kwa daktari, binti mdogo kabisa.

"Shikamoo baba. Unasumbuliwa na nini?"

Mdomo wangu, bila kuniuliza, ukajibu, "Mgongo."

"Haya, lala kifudifudi nikuangalie."

Nilijaribu, wallah. Yowe nililopiga lilimleta nesi mbio.

Daktari akafunga mlango. "Baba, huo siyo mgongo. Niambie ukweli nikusaidie."

Nikamwonyesha huku nimekodolea macho dari.

Hakucheka. Akasema, "Ungelala na hali hii, damu ingekosa njia. Ungeweza kuupoteza uume." Akanipaka dawa ya ganzi, akaubana uvimbe polepole mpaka ngozi ikarudi. Nililia. Sioni haya kusema.

Nikavaa nikimbie zangu, akanizuia. "Subiri, nikupime sukari."

Ilikuwa juu sana.

"Fangasi ya kurudi-rudi hivi kwa mtu mzima, mara nyingine chanzo ni kisukari," akaniambia. "Huwa unapata kiu?"

Hapo nikanywea. Nilikuwa nagombania maji na ng'ombe, nakojoa hovyo, nikasema ni uzee.

Nikaanza dawa. Sukari iliposhuka nikatahiriwa, nikatembea wiki kadhaa na kanga ya Mama Neema kiunoni. Majirani waliuliza, yeye akawajibu kila kitu. Kila kitu, wakuu.

Nilichojifunza: muwasho ukirudi, ngozi ikichanika, ikibana kupita zamani, ikitoa usaha au mkojo ukipita kwa shida, nenda ukapimwe, acha kujitibu. Ngozi ikinasa nyuma, hiyo ni emergency, ni siku hiyo hiyo. Na ukifika, taja kiungo chenyewe.

Maswali na matusi yote napokea. Ila kama unasoma hii huku umetanua miguu kwa maumivu, weka simu chini, comment utaandika ukitoka hospitali.