Chumvi Niliyotia Kwenye Kwoti

Sisi tuliosoma Mwanza kabla bendera haijabadilika tulichapwa kwa mambo ambayo mjukuu wangu akiyasikia anadhani nazeeka vibaya. Tulichapwa kwa kuchelewa, kwa kucha ndefu, kwa kusinzia, na siku ambayo mwalimu hakupata sababu tulichapwa za akiba. Lakini darasa la sita kwa Mwalimu Magesa hakuna kosa lililoleta fimbo nyingi kama kubeba maneno ya mtu kwa Kiingereza bila kusema kwoti.

Mwalimu Magesa alikuwa Mjita mrefu, shati jeupe, sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya pili ya mto. Alikuwa na redio, na redio hiyo ndiyo iliyotuponza. Alimsikia mtangazaji wa Kiingereza akisoma hotuba ya mkubwa fulani: kabla ya maneno ya mkubwa akasema kwoti, yalipokwisha akasema ankwoti. Kesho yake akaingia darasani macho yanawaka kama mtu aliyeokota ng'ombe.

"Kwenye karatasi kuna alama," alituambia. "Lakini sikio halina macho. Ukisema maneno ya mwenzio, mfungulie mlango, apite, kisha funga. Na humo ndani usitie neno lako hata moja. Mwajuma, umesikia?"

Nilisikia. Mwajuma ni mimi, binti wa fundi cherehani wa Tabora na mama Msukuma wa Magu, mmoja wa wasichana wanne darasa zima, na kwa Kiingereza hakuna mvulana aliyenifikia. Msinicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Tatizo ni kwamba sisi watoto tuligundua mapema kitu ambacho Mwalimu hakukifikiria. Mjumbe hauawi. Kumbe ukisema kwoti unaweza kutukana mtu yeyote, na fimbo ikaenda kwa mwingine! Basi kiwanja kizima, michembe ya viazi vikavu mifukoni, mpira wa rede hewani, ilikuwa kwoti na ankwoti. "Mwalimu, Masanja amesema, kwoti, kichwa chako kama kiazi, ankwoti." Masanja alichapwa mara tatu kabla Mwalimu hajashtuka kwamba maskini yule hakuwa na tabia ya kusema chochote.

Mimi biashara hiyo niliipeleka mpaka nyumbani. Tulikaa karibu na ziwa, na Bibi, mama yake mama, alikuwa amegombana na jirani yetu Bi Zainabu kwa ajili ya jiwe. Mnayajua mawe ya Mwanza, yamejaa kila mahali, lakini wale wawili walilitaka lile lile moja, pana, lenye jua la asubuhi, la kuanikia dagaa. Walikuwa hawasemezani. Akitaka kumjibu mwenzake, Bibi aliniita.

"Ng'wanawane, mwanangu, nenda kamwambie yule mwanamke aondoe dagaa zake kwenye jiwe langu."

Nami nilikwenda, nikapiga magoti, nikasema, "Shikamoo Bi Zainabu."

"Marahaba. Amesema nini tena huyo?"

"Amesema, kwoti, ondoa dagaa zako kwenye jiwe langu, zinanuka kuliko mumeo, ankwoti."

La mume nililitia mimi. Lilikuwa chumvi tu, ujumbe ule ulikuwa umepooza mno. Bi Zainabu alipandisha pumzi kifua kikajaa, akanipa jibu la kurudisha, nalo nikalitia chumvi njiani. Ugomvi ambao ungekwisha kwa sahani ya wali ulidumu miaka miwili. Nilikuwa mtoto mwenye furaha sana.

Basi ikaja habari kwamba mkaguzi anakuja. Vijana wa leo wakisikia mkaguzi wanafungua simu zao wanaendelea. Sisi tulipaka chokaa mawe ya njiani, tukafagia hata kichaka, tukapelekwa ziwani kusuguliwa visigino kwa jiwe. Mwalimu mkuu wetu alikuwa anastaafu, na kila mtu alijua kwamba ukaguzi ukienda vizuri kiti ni cha Mwalimu Magesa. Mkewe alikuwa ameanza kuitwa Mama Mkuu kisimani, na hakukataa. Siku yenyewe alichinja jogoo wake mkubwa, na harufu ya mchuzi ikatupitia darasani tangu saa tatu, sisi ambao asubuhi tulikunywa uji mwepesi wa kujionea uso.

Mkaguzi alikuwa Mzungu wa soksi mpaka magotini. Alikaa mbele, akauliza hesabu, akauliza mito, mambo yakaenda. Ndipo Mwalimu Magesa, kwa fahari yake, akasema kwa Kiingereza kwamba darasa hili linajua kubeba maneno ya mtu kwa mdomo bila kuyamwaga. Akaniita mimi. Tulikuwa tumeandaa sentensi kuhusu faida ya kunawa mikono. Nilikuwa nimeikariri mpaka naiota.

Mkaguzi akainua kidole. "Hapana, si ya kukariri. Niambie kitu alichosema mwalimu wako wiki hii."

Wiki hiyo mvua ilikuwa imenyesha kupitia paa mpaka kwenye madaftari yetu, na Mwalimu, akiwa amelowa bega moja, alikuwa amesema neno kwa hasira. Nilikumbuka hilo tu. Nikasimama wima, visigino vinang'aa, nikasema kwa Kiingereza safi kabisa:

"Mwalimu wangu alisema, kwoti, paa hili linavuja tangu mwaka juzi, madawati tuliyoahidiwa yamekwenda mbinguni, na mkaguzi akija anakuja kula kuku tu, ankwoti."

Nje, kule kwenye harufu, kifuniko cha sufuria kilianguka.

Mkaguzi alikuwa mwekundu, akazidi. Akamgeukia Mwalimu polepole. "Uliyasema maneno haya?"

Mwalimu Magesa akanitazama. Paa alilisema. Madawati aliyasema. Kuku hakumsema, kuku nilimtia mimi, kwa sababu ya njaa na ile harufu na ule ugonjwa wangu wa chumvi. Yeye alijua na mimi nilijua. Angesema tu, "Mtoto huyu amezua," ningekula viboko, pengine ningefukuzwa shule, naye jioni angeitwa Mwalimu Mkuu. Nilisimama pale nikimngojea aseme.

"Ndiyo, bwana," akasema. "Yote ni maneno yangu. Amefungua vizuri na amefunga vizuri."

Mkaguzi aliondoka bila kula. Mke wa Mwalimu akalia kidogo, akajifuta kwa kanga, akatugawia yule jogoo darasa zima. Nilipata bawa. Ningependa kuwaambia halikupita kooni, lakini nitakuwa natia chumvi tena. Nililila, nikalamba na vidole.

Muhula uliofuata Mwalimu alihamishiwa shule moja ndani kabisa, huko mbele ya Magu, akafundishe darasa la kwanza herufi. Aliondoka juu ya lori la pamba, redio mapajani. Ukuu aliupata mtu mwingine, mpole, asiyemiliki redio. Sikwenda kumuaga, nilijificha nyuma ya lile jiwe la dagaa mpaka mlio wa lori ukaisha upande wa Kisesa. Na ile chumvi yangu ikaniisha siku hiyo hiyo. Bibi aliponituma tena nilipeleka maneno yake matupu, na baada ya mwezi wale wawili wakawa wanaanika pamoja.

Siku hizi mjukuu wangu akisema jambo anainua vidole viwili viwili hewani, anavikunja kama kaa, na mimi sijui ni nani amesema nini. Simu yake inamletea maneno yasiyo na mwenyewe, naye anayatuma mbele kwa watu mia, hakuna aliyefungua wala atakayefunga. Nikimuuliza nani kasema, ananijibu, "Bibi, imetumwa tu." Natamani Mwalimu Magesa angekuwepo na fimbo yake. Kisha nakumbuka kwamba katika watu wote mimi ndiye nisiye na haki ya kusema hivyo.

Nilimwona mara moja tu tena, mwaka wa Uhuru, mchana wa sherehe, watu wa Magu walipoletwa mjini kwa malori. Alikuwa amekonda, shati lile lile jeupe. Nikapiga magoti vumbini na gauni langu jipya, nikashika mkono wake, nikaanza kulia kabla sijasema neno. Akacheka, akaniinua, akaniambia maneno ambayo nimeyabeba miaka yote hii. Nayatua hapa kama alivyonipa.

Kwoti. Mwajuma, kuku alikuwa wako, nilijua. Lakini na yeye alikuwa wa kweli, kama paa. Ankwoti.

Hapo sijaongeza kitu.