Bati Lililochanika Kwenye Kona

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Embu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, fomeni alinipa glavu zilizonizidi mikono, akanionyesha rundo la mabati yaliyochanika nyuma ya ukuta. "Hayo ni makosa ya waliokutangulia, Kawira. Usiyaongeze."

Tulitengeneza madigadi ya pikapu. Bati bapa huwekwa juu ya kalibu, yaani umbo la chuma, kisha presi hulikandamiza mpaka lifuate umbo hilo. Kona ya kalibu ikiwa kali mno, bati huchanika. Tulikuwa tukisaga kalibu kidogo, tunajaribu, tunatupa bati, tunasaga tena. Muda wote huo jenereta ilinguruma, na moshi wake ukatua hadi kwenye nyumba za kupanga nilikoishi na wanangu wawili.

Miaka hiyo ikielekea ukingoni, kampuni ilimleta mhandisi mwenye kompyuta. Alichora kalibu yetu humo ndani, akakandamiza bati lisilokuwepo. Palipotaka kuchanika palionekana pekundu.

"Hiyo haijawahi kushika bati," fomeni akasema.

Jaribio la kwanza lilionyesha fomeni yuko sahihi. Kompyuta ilionyesha kona salama. Kwenye presi, mabati yakachanika pale pale. Meneja akatamka kwamba ikifika Ijumaa bila jibu, kompyuta irudi Nairobi.

Mimi sababu niliijua. Mafuta ya kulainisha bati tulikuwa tukiyachanganya na mafuta ya taa, kwa amri ya fomeni, ili pipa lidumu. Bati lilikwama mahali ambapo kompyuta iliamini linateleza. Lakini fomeni ndiye aliyenifundisha kazi. Alhamisi nilimfuata yeye kwanza.

"Mzee, nitamwambia mhandisi habari ya mafuta."

"Una watoto, Kawira. Ukifutwa watakula nini?"

"Hao watoto ndio wanaokohoa huu moshi kila tukirudia kusaga."

Nikaenda kumwambia mhandisi. Alibadilisha namba moja tu, ile ya utelezi wa bati, na ile kona ikawa nyekundu. Aliiviringisha palepale kwenye kompyuta mpaka wekundu ukaisha, na mafuta safi yakarudi. Kalibu ikasagwa mara moja. Bati la kwanza lilitoka zima. Fomeni alilipapasa kona kwa kidole gumba, akaondoka.

Meneja alimpa fomeni onyo kwa kuchanganya mafuta. Mimi nikahamishiwa tawi la Makutano, Meru, na hadi leo sijui kama ilikuwa zawadi au adhabu. Huko nilisimamia presi mpaka nikastaafu, na kila kalibu ilijaribiwa kwanza kwenye kompyuta.

Fomeni alinitembelea huko mara moja, akiwa ameshastaafu. Tulikunywa chai. Alipoinuka kwenda akasema, "Siku ile ungeniambia baadaye, ningekuchukia. Uliniambia kwanza."

Vijana wakiniuliza kazi ile ilinifunza nini, huwasimulia habari za kalibu na mafuta. Lakini ninalojivunia zaidi ni kwamba nilibisha mlango wa fomeni kabla ya mlango wa mhandisi.