Alhamisi kwa Mjane wa Kikula

Miaka ile mume wangu alikuwa karani wa kampuni ya migodi, nami nilikuwa mtu mwema. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Kila Alhamisi mchana, wanawake watano wa kikundi cha huruma cha parokia tulijifunga vikwembe vya sare, tukateremka Kikula kuwatembelea maskini. Mimi nilishika daftari, kwa kuwa nilikuwa na mwandiko mzuri na, nikisema kweli, kwa kuwa mwenye daftari ndiye anayeogopwa.

Maskini niliyempenda kuliko wote alikuwa mjane mmoja mzee, aliyeishi peke yake katika nyumba ya matofali ya udongo nyuma ya soko. Mwanzo wa mwezi tulimpelekea mfuko mdogo wa unga wa mahindi. Alhamisi zilizobaki tulimpelekea sala na maswali. Analala vizuri? Anakwenda misa? Jana alikula?

Kwao, na kwetu pia, mgeni hatoki nyumbani kwa mtu na njaa. Basi tukiwa bado kwenye fumbo la pili la rozari, tulisikia mwiko ukigonga sufuria. Bukari, ugali wa kwetu, ilikuja ikitoa moshi, na matembele, na mara nyingi samaki mkavu kutoka Kapolowe.

"Mukule, bamama. Mutu hatoki kwangu na njala."

Kukataa kungekuwa tusi, kwa hiyo tulijilazimisha. Mimi nilijilazimisha mara mbili, hasa samaki akiwa mnene. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, lakini nani angethubutu kumpa jembe mtu mwenye rozari mkononi?

Nikirudi nyumbani niliandika: "Anakula vizuri. Ana samaki." Nilikuwa mkweli sana. Nikaipelekea komiti daftari langu, nikapendekeza mwenyewe kwamba mama huyu amejiweza, mfuko wake ukatwe nusu, nusu nyingine wapewe wenye shida. Nilipigiwa makofi.

Unga ukapungua, sisi hatukupungua. Blauzi ya sare ikaanza kunibana kiunoni, nikamlaumu mshonaji.

Alhamisi moja nilisahau mwavuli kwa yule mama. Jumatatu mawingu yakajikusanya juu ya milima, nikaenda kuuchukua peke yangu, bila sare, bila daftari. Nilimkuta ameketi mlangoni na sahani ya matembele yaliyochemshwa kwa chumvi. Bukari hakuna. Samaki hakuna. Aliponiona alisimama kwa haraka, akashika bakuli tupu, akaelekea kwa jirani.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kuomba bunga. Minye sikujua weye unakuya leo."

Nikamshika mkono. Ndipo nilipouliza swali ambalo halikuwahi kuingia kwenye daftari: ule unga wa parokia unaishia wapi? Akanitazama kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto mzito wa kuelewa. Unaishia Alhamisi, akasema. Na samaki alikuwa akiletewa na mdogo wake wa Kapolowe. Yeye hakuwa akiwagusa, aliwaweka kwa ajili yetu.

"Lakini mama, kwa nini hukutuambia?"

"Nilikuwa nasikia huruma juu yenu. Munakuyaka bamama batano, munakula, munamaliza sahani yote. Nikasema, kumbe hata bibi ya batu ya kampuni banasikiaka njala! Nikaomba Mungu juu yenu kila mangaribi." Akashusha bakuli. "Lakini sasa, mama, mufute jina yangu mu daftari. Nguvu ya kubasaidia imeisha."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilitaka kucheka, nikalia, na yeye akanipigapiga mgongoni akiniambia nivumilie, Mungu yuko.

Mvua ikaanza kunyesha. Nilitafuta mwavuli wangu nikimbie, lakini alikwisha kunivutia kigoda na kuniwekea ile sahani mapajani. Mgeni ni mgeni, hata Jumatatu. Nikachota matembele mara mbili tu, nikamrudishia sahani, nikamwambia nimeshiba.

Miaka mitatu nilikuwa nikimletea huruma. Hicho ndicho chakula cha kwanza nilichomwachia.